Mizani ya Kambini na Mafuta ya Damu

Makamanda na askari wa majeshi yetu ya ulinzi na usalama, mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani hayahusu mikutano ya viongozi wala hali ya mipakani. Yanahusu damu ya askari, na uchunguzi uliofanywa zamani kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya.

Mwaka 1959 watafiti wawili waliokuwa Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones, walichapisha matokeo ya kupima lehemu, yaani kolesteroli, katika damu ya Waafrika na ya watu wa asili ya Asia waishio Uganda. Waafrika walikuwa na lehemu kidogo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno miongoni mwao. Kwa wenzao wa Asia ulikuwa jambo la kawaida. Baadaye Shaper alikwenda kaskazini ya Kenya kwa Wasamburu, wafugaji waishio kwa maziwa yenye mafuta mengi, wala hakukuta kwao lehemu ya kutisha. Kisha mwaka 1969 yeye na wenzake walitoa habari za vijana wa jamii za wafugaji walioingia katika jeshi la Kenya. Kikosini chakula kilibadilika, chumvi ikawa nyingi, na shinikizo la damu likaonekana kupanda katika miaka ya utumishi.

Sisi kambini tumezoea kumpima mtu kwa macho na kwa mizani. Akiwa mwembamba na akimaliza mbio, husemwa kuwa ni mzima. Lakini kwa mtu ambaye mafuta ya damu yake yamekwenda kombo, mizani ni shahidi wa nusu. Uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, na kikomo kikawekwa kuwa 25, hesabu hiyo humwonea mpiga ndondi wa kikosi mwenye misuli, na humwachia dereva mwenye miguu myembamba na tumbo lililochomoza. Kwa dereva huyo utepe hueleza zaidi. Nao hauzungushwi pale ukaapo mkanda, maana wengi wetu huufunga mkanda chini ya tumbo, na namba ya suruali haibadiliki kwa miaka kumi! Hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ametoa pumzi. Sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ni vipimo vilivyotokana na Wazungu, vikapendekezwa kwa Afrika kusini ya Sahara kwa kukosekana vyetu wenyewe. Hilo nalo si la kujivunia.

Kisha yapo maswali ya chakula. Askari polisi aliyekesha kwenye kizuizi cha barabarani, akiulizwa anakula nini, atataja ugali na maharage ya bwaloni. Hatataja chai ya vijiko vinne vya sukari, chapati za alfajiri, wala bia za mwisho wa mwezi. Na sukari na pombe ndizo hasa hupandisha mafuta yaitwayo trigliseridi, ambayo yakipita milimoli 10 kwa lita yaweza kuleta uvimbe wa kongosho, maradhi yawezayo kuua. Mganga hana budi kuuliza saa kwa saa, bila ukali wa ofisa wa zamu.

Damu yenyewe isisomwe peke yake. Lehemu hushuka mtu anapougua ghafla, kwa hiyo jibu zuri la askari aliyelazwa kwa homa kali laweza kudanganya. Kisukari, maradhi ya figo, na tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo huharibu mafuta ya damu hata kwa mtu anayekula kwa kiasi. Tena yupo mwembamba aliyerithi lehemu nyingi kwa wazazi wake, ambaye pengine alama yake ya nje ni uvimbe mgumu kwenye kano la kisigino. Huyo hatapona kwa mbio za asubuhi.

Na upungufu nao upimwe. Aliyeambiwa ana mafuta ya damu huweza kuingiwa na hofu, akaacha nyama, maziwa, samaki, hata karanga, akabaki na ugali na chai. Uzito hupungua, wenzake humpongeza, kumbe kinachokwisha ni misuli. Mzingo wa mkono wa juu na nguvu ya kiganja husaidia kuyafichua hayo.

Limebaki jambo lililo mikononi mwa makamanda, si waganga. Askari akiamini kwamba jibu la damu litamnyima kozi au cheo, ataficha bia, atajinyima chakula siku chache kabla ya kupimwa, wala hatafuata majibu yake. Vijana wale wa kaskazini ya Kenya hawakujipikia, walikula walichopakuliwa. Basi majibu yabaki kwa mganga, na mpishi wa kikosi apunguze chumvi na mafuta katika sufuria ya wote, kabla ya jina la mtu yeyote kutajwa kwenye gwaride.