Mnyapara Anayeogopwa Hapati Habari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Sisi wa genge la reli hatuna elimu kubwa. Tulisoma shule ya misheni, na tulipomaliza tulishika sururu. Lakini habari ya mnyapara na watu wake tunaijua, maana tumeongozwa kwa vitisho, tukaongozwa pia kwa heshima, na sasa wengine wetu tumepewa wenzetu tuwaongoze.

Vitisho ni desturi ya zamani. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 mpaka ikafika Kisumu mwaka 1901, vibarua hawakuulizwa neno. Baadaye sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 iliweza kumtia jela mfanyakazi aliyeacha kazi bila ruhusa. Sheria hiyo imekwisha, lakini iko vinywani mwa wanyapara wengine, nao ni ndugu zetu: "Ukitaka maneno, nenda nyumbani. Watu wa kazi wamejaa getini."

Tuwaambie yaliyotupata. Katika genge moja tulilofanya kazi zamani, mnyapara alikuwa mtu wa matusi. Aliyemletea habari ya kasoro aliulizwa, "Wewe ndiwe umeiharibu?" Kisha akaandikwa jina. Jumamosi moja kijana wetu aliona bolti mbili zimetoka mahali reli mbili zinapoungana. Akanyamaza. Na sisi wengine watatu tuliziona, tukanyamaza vile vile. Jumatatu tulisukuma toroli iliyojaa mataruma, na hapo hapo ikaanguka. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Mnyapara alipiga kelele, "Mbona hamkusema?" Hakuna aliyemjibu. Tulirudi kambini na aibu, kwa sababu kosa lilikuwa lake na letu pia. Tulishukuru Mungu tu kwamba lilikuwa toroli, halikuwa gari la abiria.

Aliyekuja baada yake hakuwa mpole kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa ngumu, na mchelewaji alimwona. Lakini kila asubuhi, kabla ya kugawa vyombo, alituuliza mmoja mmoja kwa jina, "Jana umeona nini njiani?" Mtu wa kwanza kusema alikiri kwamba yeye mwenyewe hakukaza nati sawasawa. Tulingoja matusi. Mnyapara akamwambia, "Ahsante. Twende tukaikaze." Tangu siku ile habari hazikukosekana. Hata nyundo iliyopotea ilirudi.

Ndugu, reli yenyewe inatufundisha. Reli ya mita 12, joto likipanda digrii 30, hurefuka karibu milimita 4. Ndiyo sababu katika njia yenye viungo tunaacha nafasi kidogo kati ya reli na reli. Ukizibana kabisa, jua likiwaka njia hupinda. Na mtu ni hivyo hivyo.

Basi, kwa wale waliopewa kuongoza, tunasema haya:

Kwanza, mwite mtu kwa jina lake, wala usimwite "wewe" kama mbuzi.

Pili, anayeleta habari mbaya mshukuru mbele ya watu. Anayekosa mwonye kando.

Tatu, ukikosa wewe, sema umekosa. Heshima yako haitapungua.

Nne, ukiahidi, timiza. Ukishindwa, eleza sababu.

Na sisi tunaoongozwa tusifikiri heshima ni ruhusa ya uvivu. Ukiaminiwa kukagua kilomita moja peke yako, ikague yote, hata kama hakuna anayekuona.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi kumwambia msimamizi wake akiona hatari kubwa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kwa kosa la kazini, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, naye anaweza kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kwa hiyo yule anayesema "nenda nyumbani" kwa mdomo tu anavunja sheria. Mtu akitishwa hivyo, asinyamaze. Amwone mwakilishi wetu siku hiyo hiyo.

Waliosoma misheni wanamkumbuka mfalme Rehoboamu. Watu walimwomba awapunguzie mzigo, wazee wakamshauri akubali. Yeye akajibu kwa ukali, na makabila kumi yakamwacha. Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa mawe. Sisi hatutaki kumpiga mtu mawe. Tunataka kila jioni genge lirudi kambini likiwa na miguu yake yote.