Ruhusa ya Nani? Virusi vya Kompyuta na Ulinzi wa Kompyuta ya Nyumbani



Sisi tunaofundisha sayansi ya kompyuta huulizwa swali moja kila tuendako: niweke antivairasi gani? Muulizaji hutaraji atajiwe jina, aipakue, kisha asahau habari za virusi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba antivairasi ni msaidizi tu. Ulinzi wenyewe umo katika swali jingine: kwenye kompyuta ya nyumbani kwako, nani amepewa ruhusa ya kufanya nini?

Kirusi ni programu

Kirusi hakitokani na vumbi, joto wala uzee wa mashine. Kimeandikwa na mtu, kwa amri za aina ileile inayotumika kuandikia programu ya kuchapa barua au ya hesabu za duka. Tofauti yake ni kwamba kimeagizwa kujinakili. Kikiendeshwa, hujipachika kwenye programu au diski nyingine, na huko husubiri kuendeshwa tena. Kikikaa kwenye diski bila kuendeshwa, hakidhuru kitu. Lazima pawe na mtu au programu ya kukiamsha.

Mwaka 1982, Rich Skrenta, kijana wa Kimarekani wa miaka 15, aliandika Elk Cloner, kirusi kilichoenea kwa diski za kompyuta za Apple II. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, wakatoa Brain, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani na namba za simu. Virusi hivyo vilisafiri kwa sababu watu waliazimana diski, na kompyuta za siku zile ziliendesha chochote zilichokikuta mwanzoni mwa diski.

Aliyelieleza jambo hili kitaaluma ni Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1983 alifanya majaribio matano kwenye kompyuta iliyotumiwa na watu wengi. Katika kila jaribio, kirusi chake kilipata mamlaka yote ya mfumo kwa muda usiofika saa moja. Hakikuvunja kufuli lolote. Mtumiaji mmoja aliendesha programu iliyoambukizwa, kirusi kikachukua ruhusa zake. Mwenye ruhusa kubwa zaidi akaiendesha, kikachukua na zake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mlango wa kwanza: mkono wa mtumiaji

Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilianza kuenea duniani kutoka Ufilipino. Iliambatana na faili lenye jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Herufi tatu za mwisho zilimaanisha kwamba hiyo ni programu. Lakini Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huficha herufi hizo, kwa hiyo wengi waliona jina linaloishia na TXT, wakadhani ni maandishi. Walipobofya, kirusi kikaharibu picha na mafaili mengine, tena kikajituma kwa kila anwani iliyokuwa kwenye kitabu chao cha barua pepe. Aliyepokea aliona barua imetoka kwa mtu anayemfahamu, naye akafungua.

Hila hiyohiyo tunaijua hapa kwetu kwa njia ya flashi. Unapeleka kazi yako duka la steshenari ikachapishwe. Ukirudi nyumbani unakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, yenye picha ya folda na kijishale kidogo pembeni. Kilichotokea ni kwamba kirusi kimeyaficha mafolda yako halisi na kuweka mbadala wake. Ukibofya, kirusi huendeshwa kwanza, kisha folda halisi hufunguka, nawe huoni kasoro yoyote.

Wengi hapo hufanya haraka kuifuta flashi nzima, wakiamini kazi imepotea. Mara nyingi haijapotea. Usibofye kitu. Ikague flashi kwa antivairasi iliyosasishwa, kisha agiza kompyuta ionyeshe mafaili yote yaliyofichwa, hata yale yanayofichwa kama ya mfumo. Mara nyingi utaikuta kazi yako humo. Tena leo hii, ukiwa kwenye mipangilio, iagize kompyuta ionyeshe majina ya mafaili kwa ukamilifu, pamoja na herufi za mwisho. Ukiona barua, ankara au wimbo unaishia na exe, vbs au js, jua hiyo si barua, si ankara, wala si wimbo.

Mlango wa pili: tundu lisilozibwa

Ipo aina ya pili ya virusi, isiyohitaji mtu abofye chochote. Hii huingia kwa kutumia kosa lililobaki ndani ya mfumo wa kompyuta wenyewe. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ikapita katika tundu hilohilo, ikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Iliyafunga mafaili kwa hesabu za siri na kudai fidia ya dola 300 kwa bitcoin. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, na kompyuta zilizokuwa zimeipata zilisalimika na njia hiyo.

Kwa nini antivairasi haitoshi

Sasa nirudi kwa Cohen, kwa sababu alithibitisha jambo ambalo muuzaji wa antivairasi hatakwambia. Tuseme ipo programu ya ukaguzi isiyokosea kamwe: ukiipa programu yoyote, hutamka kwa hakika kama ni kirusi au si kirusi. Mimi nitaandika programu yangu, na ndani yake nitamweka mkaguzi huyo. Programu yangu itamuuliza: mimi ni kirusi? Akijibu ndiyo, itatulia bila kufanya lolote. Akijibu hapana, itajinakili na kuenea. Kwa hiyo akisema ni kirusi, amekosea. Akisema si kirusi, amekosea pia. Mkaguzi asiyekosea hawezi kuwepo, hata tungekuwa na kompyuta zenye kasi kiasi gani.

Antivairasi, basi, hufanya kinachowezekana. Hulinganisha mafaili na alama za virusi vinavyofahamika, na huchunguza mienendo inayotia shaka, kama programu inayoanza ghafla kubadilisha mamia ya picha. Kazi hiyo ina faida kubwa. Ila kirusi kilichoandikwa leo kinaweza kuipita kesho, na antivairasi isiyosasishwa haina habari nacho kabisa.

Utaratibu wa nyumbani

Yafuatayo ndiyo ningependa kila familia iyafanye. Kwanza, tenganisheni akaunti. Akaunti ya msimamizi iwe ya kusakinishia programu tu. Kazi za kila siku, michezo ya watoto na intaneti vifanyike kwenye akaunti ya kawaida. Kirusi kikiingia hapo, kitaanza na ruhusa ndogo.

Pili, sasisheni mfumo. Najua pingamizi lake: bando. Wengi wamezima masasisho ili yasimalize MB, na siwalaumu. Lakini filamu moja yaweza kula MB nyingi kuliko masasisho ya usalama ya mwezi mzima. Mkibana matumizi, baneni filamu. Kumbukeni pia kwamba Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025; mwenye mashine hiyo anapaswa kupanga atakavyohama.

Tatu, antivairasi iwe moja, na iwe hai. Windows 10 na 11 huja na Defender bila malipo, na kwa nyumba nyingi inatosha. Jihadharini na programu ghali zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa kufuli. Maelekezo yake mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime antivairasi. Hapo umekubali kumpa mgeni usiyemjua mamlaka yote ya mashine yako, tena kwa mkono wako mwenyewe.

Nne, wekeni nakala. Hesabu ya Cohen inatuambia kwamba siku moja kinga inaweza kushindwa. Siku hiyo nakala ndiyo itakayorudisha vyeti, picha za harusi na hesabu za biashara. Nunueni diski ya nje, nakilini kwa ratiba, kisha ichomoeni, kwa maana virusi vya fidia huweza kufunga mafaili ya kila diski vinayoikuta imechomekwa. Jaribuni pia kufungua nakala hiyo mara mojamoja, mjue kwamba inasomeka.

Sheria na wajibu wetu

Mwandishi wa ILOVEYOU hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kosa lake. Sisi tunazo: Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2018. Sheria humwadhibu mkosaji akipatikana, lakini mafaili haiyarudishi.

Kwa hiyo sehemu ya wajibu ni yetu. Muuza kompyuta asimkabidhi mteja mashine yenye Windows ya wizi iliyozimwa masasisho. Mwenye steshenari akague kompyuta yake kila asubuhi, maana flashi za mtaa mzima hupitia kwake. Nasi wa chuo tuwafundishe wanafunzi wa kila kitivo mambo haya manne kabla hatujawadai tasnifu, tusingoje waje kulia kwamba tasnifu imepotea.