Nyumba Yenye Baridi Huanzia Kwenye Ramani
Mazungumzo kwa wakaazi wanaopanga kujenga



Kila Februari na Machi, familia nyingi hutoa mikeka nje usiku kwa sababu chumbani hakulaliki. Mabati yamenyonya jua mchana kutwa, dari hakuna, na dirisha ni moja tu. Feni inakesha, tokeni zinaisha kabla ya mwezi kwisha, na mtoto aliyelala nje anaumwa na mbu. Mwenye nyumba hiyo alitumia pesa nyingi kama jirani yake. Kilichokosewa ni ramani.

Jambo la kwanza ni mwelekeo. Jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hivyo kuta fupi, zisizo na madirisha makubwa, ndizo zikabili pande hizo. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na kusi kutoka kusini-mashariki. Madirisha yakitazamana katika kuta hizo ndefu, nyumba hupata upepo misimu yote miwili.

La pili ni paa. Hapa karibu na ikweta, jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na paa ndilo hubeba joto kubwa. Makuti hupoza, lakini hushika moto haraka na lazima yabadilishwe baada ya miaka michache. Anayeezeka mabati achague rangi nyeupe, aweke dari, na aache matundu ya kutolea hewa moto iliyo juu ya dari. Matundu hayo yawekwe wavu, kwa maana mbu wa malaria hupenda kupita kwenye mwanya kati ya ukuta na paa. Paa litokeze nje vya kutosha kutia madirisha kivuli.

La tatu ni kuta. Matofali ya udongo ya kufungamana hushindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, kisha huachwa yakomae kivulini. Hayachomwi, hivyo hayali kuni, na fundi hutumia saruji kidogo kuyaunganisha.

Faida huonekana kwenye stima. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa muda wa saa 10 hutumia uniti 0.6. Kiyoyozi cha wati 1,000, kikifanya kazi mfululizo muda huo huo, hutumia uniti 10.

Aliyekwisha kujenga hajachelewa. Anaweza kupaka mabati rangi nyeupe, kuweka dari, na kupanda mwarobaini upande wa magharibi, mbali kidogo na msingi.

Kwa anayeanza, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka apate kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Huo ndio wakati wa kuuliza maswali. Kuhamisha dirisha kwenye karatasi ni kazi ya raba. Kulihamisha ukutani ni nyundo, saruji na pesa za karo.