Mgonjwa Asiye na Kidonge: Unyanyapaa wa Matatizo ya Haiba Ndani ya Vituo Vyetu

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya warsha ya wauguzi na maafisa tabibu wa huduma za afya ya akili, Morogoro

Utangulizi

Waandaaji wameniomba nizungumzie unyanyapaa dhidi ya watu wenye matatizo ya haiba, nikiulinganisha na ule unaowakabili wenye magonjwa mengine ya akili. Nitangulie kusema kwamba yaliyomo humu ni maoni yangu kama muuguzi wa afya ya akili, wala si msimamo wa mwajiri wangu.

Mafafanuzi

Sehemu hii naipita haraka, sote tumeisoma chuoni. Tangu Erving Goffman atoe kitabu chake mwaka 1963, unyanyapaa unaelezwa kuwa ni alama anayobandikwa mtu mpaka watu waache kumwona yeye na wabaki kuiona alama. Matatizo ya haiba ni namna ya kujiona, kuhisi na kuhusiana na wengine iliyokwisha kujikita kwa miaka, na isiyobadilika kirahisi hata pale inapomuumiza mwenyewe na walio karibu naye. ICD-10 ilitupa orodha ndefu ya aina. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, imeziondoa karibu zote na kutuachia kipimo cha ukali, yaani kidogo, wastani na mkubwa, pamoja na sifa zinazojitokeza kwa mgonjwa. Iliyosalia kwa jina ni ile hali ya mpakani: hisia zinazochafuka ghafla, hofu kuu ya kuachwa, kujidhuru. Hiyo ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo inayofika mapokezi saa nane za usiku. Wenye haiba ya kuvunja haki za wengine hatuwaoni sana. Baadhi yao huishia mahabusu, na wanastahili mada yao.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, Winsper na wenzake walikusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2020 wakapata asilimia 7.8 ya watu wazima duniani, na asilimia 4.3 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nisingeharakisha kujipongeza kwa hiyo 4.3. Tunahesabu kile tunachokitafuta.

Linganisho

Mwenye skizofrenia ana mateso yake. Anaitwa kichaa mchana kweupe, watoto wanamzomea, wengine wamefungwa minyororo na ndugu zao, na majina ya Mirembe kule Dodoma na Kidongo Chekundu kule Unguja yamegeuzwa matusi ya mitaani. Sipunguzi hata chembe ya hayo. Ila hata ndani ya tusi hilo mna kukiri kwamba mtu huyu anaumwa. Familia inasema amerogwa au ana majini, sisi tunasema kemikali za ubongo. Tunabishana juu ya chanzo, lakini wote tumekwisha kumwondolea lawama. Hakuna muuguzi anayemuuliza mgonjwa kwa nini ameamua kusikia sauti.

Sonona nayo imeanza kupata watetezi. Redioni, makanisani, makazini, mtu anaweza kuitaja na asichekwe, au achekwe kidogo tu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kifafa, hapa hapa mkoani. Daktari Louise Jilek-Aall alipofika Mahenge mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuta wenye kifafa wakitengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu aliyeangukia jikoni aliogopwa kuguswa. Watu waliamini mate yake yanaambukiza. Daktari huyo alianzisha kliniki, akatoa dawa ya kuzuia kuanguka, kuanguka kukapungua, na hofu nayo ikaanza kulegea. Kilichowashawishi watu ni kidonge kuliko maneno. Ndivyo ilivyo pia kwa sindano ya kila mwezi ya skizofrenia: jirani akimwona mtu aliyekuwa akiokota makopo sasa anapalilia bustani ya mchicha, anaamini kwamba kumbe ulikuwa ugonjwa.

Matatizo ya haiba hayana kidonge chake. Hakuna dawa iliyosajiliwa mahsusi kwa ajili yake, na mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2009 ulielekeza kwamba hali ya mpakani yenyewe isitibiwe kwa dawa. Dawa ni kwa maradhi mengine yanayoambatana nayo. Tiba ni mazungumzo yenye utaratibu, ya miezi na pengine miaka. Sasa, katika kliniki zetu mgonjwa akitoka bila bahasha ya dawa huhesabika hajatibiwa. Asiye na kidonge huonekana hana ugonjwa, na asiye na ugonjwa huonekana ana jeuri. Nyumbani wanasema amedekezwa, anajiendekeza, anajifanya. Hapelekwi kwa mganga wala hospitali. Anachapwa, anafukuzwa, anapewa talaka. Akifika kwetu hatimaye, tunakubaliana na waliomfukuza. Sijui ugonjwa mwingine ambao mtaalamu na jirani mmbea wana maoni mamoja namna hii.

Kwenye chumba cha kushona

Naomba radhi kama sehemu hii itazidi muda niliopangiwa.

Msichana analetwa na bodaboda, kanga imezungushwa mkononi, damu imekwisha kukauka pembeni. Chini ya kanga mna mikato iliyopangana kama mistari ya daftari, na chini ya mikato mna makovu meupe ya zamani. Muuguzi wa zamu anayaona makovu, anasema kwa sauti inayofika hadi kwenye mabenchi: "Huyu tena?" Anasogezwa mwisho wa foleni. Zamu yake ikifika, anashonwa bila ganzi. Nimeyaona haya, na si mara moja, katika kituo nisichokitaja. Nilipouliza nilijibiwa, "Si alijikata mwenyewe bila ganzi?" Chupa ya dawa ya ganzi ilikuwa kwenye trei, imefunguliwa muda mfupi uliopita kwa ajili ya kijana aliyeanguka na pikipiki.

Lingekuwa suala la muuguzi mmoja mkali, tungelimaliza kwa kikao cha nidhamu. Lakini tazameni kinachofuata. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, mgonjwa wa malaria anatajwa kwa kitanda chake na dawa zake. Huyu anatajwa kwa vituko: "yule wa maigizo." Daktari anayempokea amekwisha kumchoka kabla hajamwona. Juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu, pameandikwa herufi mbili, PD, yaani tatizo la haiba kwa kifupi cha Kiingereza. Hakuna tathmini iliyofanyika. Ni hisia ya mtu aliyechoka saa tisa za usiku, na itamfuata binti huyu kwa miaka. Akija siku nyingine na maumivu ya kifua, herufi hizo zinasomwa kabla ya mapigo ya moyo. Akija amekunywa sumu ya wadudu, tunasema anatishia tu, ilhali kila mwenye historia ya kujidhuru yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa mkono wake kuliko asiye nayo. Hilo nalo tulilisoma chuoni.

Ugonjwa huu wa kwetu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1988 Glyn Lewis na Louis Appleby, huko Uingereza, waliwapa madaktari wa magonjwa ya akili maelezo ya mgonjwa mwenye dalili za sonona. Maelezo yalikuwa yale yale, isipokuwa kwa baadhi yao uliongezwa mstari kwamba zamani aliwahi kuambiwa ana tatizo la haiba. Waliosoma mstari huo walimwona msumbufu, mlaghai, anayetafuta kuonewa huruma, asiyestahili sana muda wao. Dalili hazikubadilika hata moja. Na hao walikuwa madaktari bingwa, wenye muda wa kusoma karatasi mezani, bila foleni nje ya mlango. Hali iliendelea kuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2003 ilibidi utolewe waraka wa kitaifa nchini humo kuzitaka huduma za afya ya akili ziache kuifanya haiba kuwa sababu ya kumkataa mgonjwa.

Kinga yetu kubwa huwa ni kusema kwamba hawaponi. Si kweli, na hili lisemwe bila kumung'unya maneno. Mary Zanarini na timu yake katika hospitali ya McLean, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 290 wa hali ya mpakani waliowahi kulazwa. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walikuwa wamepata angalau miaka miwili mfululizo ya nafuu. Kilichochelewa ni maisha yenyewe: waliofikia nafuu pamoja na kazi na mahusiano yaliyotulia walikuwa nusu. Marsha Linehan, aliyebuni tiba ya mazungumzo inayojulikana zaidi kwa hali hii, alisema hadharani mwaka 2011 kwamba akiwa na miaka 17 alilazwa katika hospitali ya akili huko Hartford, akijikata na kujichoma. Nikimfikiria katika moja ya majalada yetu, na kalamu nyekundu juu yake, nakosa la kusema.

Tutaambiwa hatuna wanasaikolojia wa kutosha kwa tiba kama hiyo. Hatuna. Lakini mwaka 2009 Shelley McMain na wenzake mjini Toronto waliilinganisha tiba ya Linehan na huduma ya jumla iliyopangwa vizuri, kwa wagonjwa 180, kwa mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Nakiri kwamba huduma hiyo ya jumla ilitolewa na madaktari wa magonjwa ya akili waliosimamiwa kila wiki, na wilayani kwetu mtu wa namna hiyo ni nadra. Hata hivyo vitu vilivyounda huduma ile, yaani miadi isiyorukwa, mtu mmoja anayemjua mgonjwa kwa jina, na makubaliano ya nini kifanyike usiku mambo yakichafuka, havihitaji shahada ya uzamili.

Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ambao wengi wetu tulifunzwa kwao, toleo la mwaka 2016, una sura ya sonona, psikosisi, kifafa, ulevi, usahaulifu wa uzeeni, kujidhuru na kujiua. Matatizo ya haiba hayana sura. Inawezekana walikuwa na sababu zao. Lakini kisichofundishwa darasani tunafundishana kwenye chumba cha chai, na mtaala wa chumba cha chai tunaujua.

Kuhusu sheria nimeombwa niwe mwangalifu, nami nitakuwa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Niseme tu kile ninachokiona mapokezi: ndugu wanasema binti aliangukia chupa, nasi tunaandika aliangukia chupa.

Mapendekezo

Kwanza, ganzi. Kila kidonda kinachoshonwa kishonwe kwa ganzi, bila kujali kimetoka kwa nani. Hili halihitaji bajeti mpya wala waraka wa wizara.

Pili, ni marufuku kuandika PD, au neno lolote la tabia, juu ya jalada. Utambuzi wa tatizo la haiba ukae ndani, uandikwe na aliyefanya tathmini, baada ya kumwona mgonjwa zaidi ya mara moja, na pasipo haraka kwa walio chini ya miaka 18.

Tatu, wakati wa kukabidhiana zamu mgonjwa aliyejidhuru atajwe kama wengine: kitanda, jeraha, dawa, hatari aliyonayo. Wauguzi viongozi walisimamie hili wenyewe kwa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu bila hivyo halitafanyika.

Nne, kila aliyejidhuru aulizwe kuhusu kujiua, hata kama ni mara ya kumi. Hasa kama ni mara ya kumi.

Tano, wakati tukisubiri sura ya haiba kwenye miongozo, sura ya kujidhuru na kujiua itumike kufundishia. Inatosha kuanzia, na vitabu vyake viko kabatini.

Sita, kila mgonjwa wa aina hii awe na mtoa huduma mmoja na miadi ya siku inayojulikana. Akihamishwa mtoa huduma huyo, na tunahamishwa sana, mgonjwa aambiwe mapema na atambulishwe kwa anayepokea. Kwa mtu ambaye hofu yake kuu ni kuachwa, kufika kliniki na kuambiwa "Sista alishaondoka" ni jeraha jingine.

Saba, watoa huduma nao wasikilizwe. Muuguzi anayesema "Huyu tena?" mara nyingi amebaki peke yake na wagonjwa wengi tangu jioni. Simtetei, ila nimefanya zamu hizo. Kikao cha nusu saa kwa wiki, bila mkubwa kuchukua majina, kijaribiwe pale inapowezekana.

Nane, familia zielezwe kwa lugha yao kwamba hii ni hali ya kiafya, ina mizizi katika maumbile na mara nyingi katika madhila ya utotoni, na kwamba wengi hupata nafuu. Zisiahidiwe kidonge.

Tisa, wanasheria wa wizara waombwe kutoa maelekezo ya maandishi kuhusu wajibu wetu chini ya kifungu cha 217, ili muuguzi asichague kati ya kumwandikia mgonjwa uongo na kumwita polisi.

Kumi, narudia la kwanza, kwa sababu kwenye warsha iliyopita liliandikwa katika maazimio na halikutekelezwa: ganzi. Waganga wakuu wa wilaya waliopo waombwe kukagua chumba cha kushona usiku, bila taarifa.

Fomu ya tathmini imeambatishwa nyuma ya mada hii. Upande wa mbele una maswali manane kwa aliyejidhuru. Upande wa nyuma ni mpango wa dharura, wenye nafasi ya jina na simu ya ndugu mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua. Vituo visivyo na mashine ya kunakili vinaweza kuichora kwa rula kwenye daftari la kawaida. Hivyo ndivyo nilivyoanza nayo.