Maji Yaliyomwagika Yakazoleka



Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Leo twapenda kuwaelezeni habari za mji ambao watu wake walilazimika kuyazoa.

Mji huo ni Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Nchi ile ni kavu mno: mvua ni haba, jua hunyonya maji ya mabwawa, na mto wa karibu usiokauka, yaani Okavango, uko mbali yapata kilomita 700. Watu walipozidi, visima na mabwawa havikutosha. Basi mwaka 1968, mahali paitwapo Goreangab, ikaanzishwa mitambo ya kusafisha maji machafu ya majumbani hata yafae kunywewa. Windhoek ukawa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2002 ikaanza mitambo mipya, iwezayo kutoa lita milioni 21 kwa siku.

Pengine mtu atauliza, "Je, huo si uchafu?" Swali hilo ni la haki, wala hatulicheki. Kwanza, maji ya viwandani hupelekwa njia yake mbali, yasichanganyike na ya majumbani, maana sumu zake ni ngumu kuondoa. Pili, maji hupita vizuizi vingi: taka huelea zikaondolewa, maji huchujwa katika mchanga, hupitishiwa hewa ya ozoni iuayo vijidudu, hupita katika makaa yanyonyayo uchafu, kisha katika vichujio vyenye matundu madogo mno, na mwisho hutiwa klorini. Kizuizi kimoja kikikosea, kingine huzuia. Tatu, maji hupimwa daima, na yasipofaa hayapelekwi mjini. Yaliyo mema huchanganywa na maji mengine, ndipo yaingie katika mabomba.

Jamaa, sisi wa vijijini hatuna mitambo kama hiyo. Basi mtu asinywe maji machafu akisema kwamba hata Windhoek hunywa. La, hasha! Funzo letu ni hili: hata wenye ujuzi wa kusafisha huanza kwa kuzuia. Maji ya kisima huweza kung'aa kama kioo, nayo yamebeba kipindupindu. Kwa hiyo tuchimbe vyoo mbali na visima, tena upande wa chini; tuzuie ng'ombe wasiingie katika chemchemi; na maji ya kunywa tuyachemshe. Wenzetu huyalinda maji yao kila saa. Nasi tuyalinde yetu kabla hayajaharibika.