Gari likitoka majini, tusikimbilie ufunguo

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wageni wetu wafadhili)

Tumeombwa tueleze habari ya gari la mradi lililokufa injini baada ya mafuriko. Sharikani watu wanauliza, na wana haki ya kuuliza.

Wote tunaikumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4, upande wa Mafia, kikakuta ardhi imekwisha kushiba mvua za masika. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika huku Kilwa, eneo la Somanga, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Wala haikuwa mara ya kwanza. Januari 2020 mafuriko yalipoteza maisha na nyumba za watu katika wilaya hii hii.

Gari letu lilikuwa limeegeshwa bondeni. Maji yalipanda usiku, na yalipopungua asubuhi dereva alitupigia simu: yamefika juu ya taa, naomba livutwe hadi kwa fundi. Sisi ofisini tulikuwa na haraka, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri mahitaji. Tukamwambia ajaribu kuwasha. Stata iligonga mara moja ikanyamaza. Tukamwambia tena atafute trekta, livutwe likiwa kwenye gia ili lishtuke. Alitii. Ule mlio alioutueleza, wa chuma kugonga chuma, ulikuwa wa mkono wa pistoni uliopinda.

Sababu yake ni rahisi. Pistoni inapopanda hushindilia hewa, na hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni hukwama, na ukiilazimisha kwa nguvu za trekta, kitu lazima kipinde au kivunjike.

Basi gari likitoka majini, swali la kwanza ni maji yalifika wapi. Kama yaliishia kwenye matairi, hofu ni ndogo. Kama yalipita boneti, ufunguo ukae mfukoni. Chomoa waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au imepanda kupita alama, maji yameingia. Kisha fungua chujio la hewa. Likiwa limelowa, usijaribu kabisa kuwasha. Fundi atoe hita plagi, au plagi za kawaida kwa gari la petroli, ndipo injini izungushwe taratibu maji yaruke nje. Msimame pembeni, hutoka kwa kasi. Oili imwagwe, na baada ya kuwasha kwa muda mfupi imwagwe tena. Tunajua oili ni ghali. Injini ni ghali zaidi.

Chujio la dizeli nalo lifunguliwe chini, kwa kuwa maji hukaa chini ya mafuta.

Hayo yakiwa salama na gari bado haliwaki, sasa tutafute umeme. Stata ikigonga tu bila kuzungusha, tazama betri, vichwa vyake na stata yenyewe. Kukiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, na tafadhali msizibe nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya! Injini ikizunguka vizuri bila kushika, tazama mafuta, na kwa magari ya siku hizi, kompyuta yake, maana mara nyingi hufichwa ndani, sehemu ambayo maji huikuta mapema.

Kwetu pwani kuna la ziada, nalo ni chumvi. Mto ukikutana na maji ya bahari, gari huloweshwa na vyote viwili. Soketi zioshwe kwa maji baridi na kukaushwa, kwa kuwa kutu ya chumvi huleta matatizo baada ya wiki kadhaa, wakati kila mtu ameshasahau. Oili ya gia boksi na ya difu pia ikaguliwe, hata kama gari limewaka.

Sasa fedha. Bima yetu ilikuwa ya mtu wa tatu tu, hivyo haikulipa. Taarifa ya kwanza tuliyowapelekea wafadhili ilisema gari liliharibiwa na mafuriko. Sentensi hiyo iliacha nje simu zetu mbili, na sharikani lawama ikamwangukia dereva. Tumeandika taarifa nyingine. Katika bajeti tumeomba kifungu cha kuvuta magari wakati wa masika, na dereva akisema haliwashwi, ofisi haina ruhusa ya kumpinga. Kamati zituonyeshe mahali palipoinuka pa kuegesha kila usharika.

Dereva mwenyewe amekaa pale nyuma, karibu na mlango. Tumeshamwomba radhi ofisini, na leo tunamwomba mbele yenu. Maswali ya pampu na nozeli mpelekeeni yeye, anayajua kuliko sisi.