Kodi ya Mshahara Uliopatikana Ng'ambo ya Mpaka



Wengi wetu huvuka Holili kwenda Moshi na Arusha kutafuta riziki, na tukiisha kupata kibali cha kazi na cha ukaazi, hudhani kwamba mambo yote ya Serikali yamekwisha. Sivyo. Kibali chatupa ruhusa ya kufanya kazi tu. Kodi huamuliwa kwa hesabu ya siku.

Sheria ya Tanzania yamhesabu mgeni kuwa mkaazi, kwa ajili ya kodi, akikaa huko siku 183 au zaidi tangu Januari hata Desemba. Mkaazi apataye mshahara wa Shilingi 400,000 za Tanzania kwa mwezi, zile 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zilizobaki, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, hutozwa asilimia 8, yaani Shilingi 10,400. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wote, yaani Shilingi 60,000. Tazameni tofauti! Naye aingiaye huko mara ya kwanza mwezi wa Agosti hawezi kutimiza siku 183 mwaka ule, hata kibali chake kikiwa cha miaka miwili.

Sasa tugeukie nyumbani. Mkenya mwenye makao ya kudumu hapa, akikaa hapa hata siku chache katika mwaka, ni mkaazi wa Kenya. Yampasa kuuandika mshahara wa ng'ambo katika taarifa yake ya kodi, na kuipeleka kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka ufuatao kwisha. Akichelewa, faini ni Shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Mtauliza, "Je, tutalipa mara mbili?" La. Sheria yamruhusu raia kutoa katika kodi ya hapa ile aliyokwisha kuilipa nje kwa mshahara huo huo. Kama Kenya yadai Shilingi 9,000, nawe umelipa huko kiasi cha Shilingi 6,000 za Kenya, utalipa 3,000 tu. Ukiwa umelipa huko zaidi ya 9,000, hudaiwi kitu, lakini ile ziada hurudishiwi.

Lakini neno la mdomo si ushahidi. Kabla hamjaagana na mwajiri, mwombeni hati ya kodi aliyoikata. Iwekeni pamoja na mkataba, karatasi za mshahara, na pasi yenye mihuri ya kuingia na kutoka, maana ndiyo izihesabuyo siku zenu. Mwajiri akiisha kufunga kazi, ni vigumu kumpata tena, na asiye na hati huenda akalipa tena fedha aliyokwisha kukatwa.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi twawasihi, ndugu zetu, msirudi na fedha peke yake. Rudini na karatasi zake.